Marehemu bado anasaini kazini, niripoti wapi bila kujulikana?

mgeni_leo7

Habari zenu wasee. Hii akaunti nimefungua leo asubuhi juu ile yangu ya kawaida watu wa kazini wanaijua, kwa hivyo mnisamehe nikionekana kama wale wa kuuza ploti.

Niko kwa ofisi moja ya wadi upande wa Eastlands hapa Nairobi, wadi sitataja. Ni kontrakti, mwaka wa pili huu, kazi yangu ni kupanga makaratasi na mwisho wa mwezi kuingiza kwa kompyuta majina ya vibarua kutoka kwa ile rejista supavaiza hujaza na mkono. Hao vibarua ni wale wa kufagia barabara na kuzibua mitaro. Sasa mwezi uliopita nikiwa naingiza nikafika kwa jina moja nikasimama. Ni mama tulikuwa tunakaa naye ploti moja, na alikuwa anafagia kweli, reflekta na kila kitu, lakini alifariki mwaka jana Agosti. Nilikuwa kwa kamati ya matanga mimi mwenyewe, nikachangisha, nikabeba jeneza mpaka Lang'ata. Na hapo kwa rejista amefanya siku 26 na amesaini. Nikarudi nyuma mwezi baada ya mwezi, tangu azikwe hajakosa hata siku moja. Akiwa hai alikuwa anakosa, alikuwa na pumu.

Baada ya hapo macho yakafunguka vibaya. Kuna watu watatu sahihi zao zinafanana kabisa, ile R yenye mkia mrefu. Na kuna lori la taka liko juu ya mawe nyuma ya ofisi tangu kabla niingie, halina matairi, lakini kwa kitabu cha mafuta linanywa dizeli lita 80 kila wiki.

Bosi sijui kama ni mmoja wao. MCA, yaani mwakilishi wa wadi, ni rafiki ya supavaiza, wanakula nyama pamoja kila Jumapili. Nimesikia unaweza piga ripoti bila jina, lakini si wataangalia tu ni nani huingiza hayo majina? Ni mimi peke yangu. Niko na mtoto wa miaka miwili na kontrakti inaisha Desemba. Nifanye nini, ama ninyamaze niangalie kompyuta yangu?

bwana_mitaro

Lori liko juu ya mawe na linanywa lita 80 kwa wiki 😂 hiyo ni jenereta sio lori. Mimi yangu inatoka Umoja mpaka tao kila siku na haifikishi hapo. Pole ndugu, ushauri sina, nimekaa hapa nisome.

mzee_wa_rejista

Mwanangu, habari ya jioni. Mimi nimestaafu. Nilishika rejista kama hizo miaka mingi kwa baraza moja kabla hizi kaunti kuanza 2013, na mambo ya marehemu kufanya kazi hayakuanza na ofisi yenu. Wakati wetu vibarua walilipwa pesa mkononi pale dirishani, ukikosa mtu wa kutia kidole gumba unamwita muuza karanga. Siku moja nilienda kwa mkubwa wangu nikamwonyesha ukurasa. Alinishukuru sana, akaniitishia chai ya maziwa. Jumatatu yake nikapewa barua, naenda sokoni kuhesabu mikokoteni inayoingia. Nilihesabu mikokoteni miaka 4.

Sikutishi. Kuna jambo umelipita haraka. Unauliza kama unyamaze uangalie kompyuta, lakini hiyo kompyuta inafunguliwa kwa jina lako na paswadi yako. Supavaiza anaandika kwa karatasi, na karatasi hunyeshewa, hupotea, huliwa na panya, na hao panya nimewaona mimi, huja msimu wa odita tu. Kinachobaki ni kile ulichopiga wewe. Siku odita atauliza nani aliingiza marehemu siku 26, jibu ni wewe, na sasa unajua. Umepima hatari ya kusema, hiyo nyingine hujaipima.

Nunua daftari la kawaida, likae nyumbani. Andika tarehe, jina, siku ngapi, ukurasa gani. Ulichoona kwa macho kiandike upande mmoja, unachodhani kiandike upande mwingine. Hiyo ya nyama na MCA weka upande wa kudhani, kula nyama si kosa. Na usitoe karatasi ya ofisi hata moja. Wachunguzi wana nguvu ya kuja kuichukua wenyewe, ukiitoa wewe utaitwa mwizi kabla hujaitwa shahidi.

mgeni_leo7

Mzee, hiyo ya paswadi nimesoma nikatoka nje nikanywa maji. Sikuwa nimefikiria hivyo kabisa.

nimechoka_kabisa

Ngoja niwe yule mtu mbaya wa hii stori. Mnamsukuma kijana kwa moto. Mnamkumbuka David Munyakei? Karani wa Benki Kuu, aliona pesa za ile kashfa ya Goldenberg zikitoka, serikali inalipa kampuni bonasi ya kuuza nje dhahabu na almasi ambazo hazikuuzwa, akapea wabunge makaratasi. 1993 akashikwa, kazi ikaenda, na hata kesi ikiisha hawakumrudisha. Alikufa 2006 hana kitu. Na huyo angalau jina tunajua. Mswada wa kulinda wafichuaji umezungushwa Bunge miaka na miaka, kila Bunge linaupata mezani linaupanguza vumbi linaurudisha. Na EACC, ile tume ya kupambana na ufisadi, wenyewe hawashtaki mtu, wanachunguza halafu faili linaenda kwa DPP, mkurugenzi wa mashtaka, kutoka hapo ni kuahirishwa mpaka huyo mtoto wako amalize shule. Tafuta kazi ingine pole pole, Desemba ikifika wapungie mkono.

kijana_wa_tenda

@nimechoka_kabisa si kweli hakuna ulinzi. Sheria ya hongo ya 2016 inasema ukimfuta ama ukimpa transfa mbaya mtu aliyeripoti ni faini mpaka milioni moja ama mwaka mmoja ndani ama zote mbili. Mgeni ripoti tu bana.

kando_ya_sheria

Niingilie hapo, juu mtu anaweza kuvunjika mguu akitegemea hiyo. Hiyo sheria ya 2016 iko na inasema hivyo, lakini ni ya hongo, inalinda aliyeripoti hongo. Marehemu kulipwa mshahara sio hongo, ni wizi wa pesa ya umma. Ya kushika hapa ni ile sheria ya 2003 ya kupambana na ufisadi na uhalifu wa kiuchumi, kifungu cha 65. Inasema huwezi kushtakiwa kwa sababu ulipea tume habari, na kesi ikifika kortini shahidi halazimishwi kusema mtoa habari ni nani. Milango miwili haikufunga, ukisema kitu ambacho wewe mwenyewe huamini ni kweli, na korti ikiona haki haiwezi kutendeka bila jina kutajwa. Ndio maana daftari la mzee la pande mbili ni dhahabu, usipuuze.

Njia sasa. EACC wako na namba ya bure, 1551. Wako Integrity Centre hapo juu Valley Road na pia wana dawati kwa Huduma Centa ya GPO, pale posta kuu, unaingia kama mtu amekuja kutafuta kitambulisho. Lakini kwa mtu kama wewe ningeanza na ile ripoti ya kwa tovuti yao. Mfumo wenyewe umetengenezwa na kampuni ya Ujerumani, haukuulizi jina, unachagua jina la uongo na paswadi halafu unapewa kisanduku. Wanaweza kukuuliza maswali kwa hicho kisanduku na wewe ukajibu na bado hawakujui. Watu wengi wanatuma halafu hawarudi kuangalia, mchunguzi ameuliza swali moja tu, ni mwezi gani, na hakuna wa kumjibu, faili linakufa hapo. Ukifungua kisanduku, rudi. Na usitumie kompyuta ya ofisi wala WiFi ya ofisi, hata ile ya bure ya baa mnayokulia lanchi.

Kitu kingine ambacho watu hawasemi. Jina lako sio shida kubwa. Kinachokuchoma ni ule mstari ambao wewe peke yako ungeweza kuujua. Ukiandika "siku 26, mwezi fulani, mstari wa 14" hata ukijiita Malaika Gabrieli, supavaiza akisikia hiyo habari atageuka aangalie meza yako. Kwa hivyo jiulize kwa kila kitu unaandika, hii ni watu wangapi wanaweza kuijua? Lori juu ya mawe kila mtu anayepita nyuma ya ofisi analiona. Mafuta yake je? Nani anashika hicho kitabu?

mgeni_leo7

Kitabu cha mafuta kinakaa kwa kaunta, madereva wote hukijaza, hata askari wa geti huweka kikombe juu yake. Rejista ndio shida, ni supavaiza na mimi.

mama_wa_ploti

Nyinyi mnaongea kama wanaume, sheria sheria. Mimi naona kitu kimoja. Huyo mama alizikwa na watu. Wewe ulibeba jeneza lakini hukulibeba peke yako, si mlikuwa watu sita? Ploti yote inajua amekufa, kanisa linajua, chifu aliandika, hosipitali iliandika. Kifo chake sio siri yako. Siri yako ni rejista peke yake. Sasa wewe mbona uwe ndio shahidi wa kifo?

Na niulize, alikuwa analipwa aje? Kama ni kwa simu, hiyo laini iko wapi? Mtu akifa nyumba yenu kitu cha kwanza mnatafuta ni simu na PIN, hata kabla ya blanketi. Hiyo pesa ya marehemu inaingia kwa simu ya mtu anayepumua. Niulizie mtoto wake, pole pole, usimwambie ya rejista. Muulize tu kama walimaliza mambo ya pesa ya mama.

kando_ya_sheria

Mama hapo umetupita wote. Sahihi inaweza kubishaniwa mpaka kesho, R yenye mkia kila mtu anaweza kuandika. Lakini pesa ikitoka inaacha njia, na tume inaweza kuomba korti rekodi za akaunti na za simu. Hiyo haina panya.

mfuatiliaji_wa_bajeti

Kuna njia ingine hamjataja. Sheria ya kupata habari ya 2016, raia yeyote anaweza kuandikia ofisi ya umma aombe habari, hata kwa Kiswahili, sheria imesema hivyo wazi. Wana siku 21 kujibu, wakikataa ama wakinyamaza unaenda kwa Ombudsman, ile tume ya malalamiko ya umma, pale West End Towers, Waiyaki Way. Mimi niliomba bei ya taa za mtaa wetu nikapewa, ilichukua miezi na barua tatu lakini nilipewa. Mkaazi wa hiyo wadi anaweza kuomba idadi ya vibarua kila mwezi na pesa iliyolipwa. Mgeni hata hahusiki.

kando_ya_sheria

Ni nzuri lakini sio sasa. Ukiandika hiyo barua leo, kesho rejista ina mvua. Wanapata siku 21 za kusafisha nyumba. Kwanza tume, wakishachukua karatasi zao ndio mkaazi aulize anachotaka. Pia majina ya watu wanaweza kuyakataa kwa sababu ya faragha, idadi na jumla ndio ngumu kukataa.

mfuatiliaji_wa_bajeti

Hapo sawa, nakubali, nilirukia. Basi niongeze hii, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Mwaka wa serikali unafungwa 30 Juni, ofisi zinapeleka hesabu kufikia 30 Septemba, na yeye Katiba imempa miezi sita tangu mwaka ufungwe, yaani mpaka mwisho wa Desemba. Watu wake wakiwa bado wako kwa kaunti wakaambiwa waangalie vibarua na mafuta, wanaangalia. Wakiambiwa Januari wameshafunga faili. Na ripoti zake za kaunti zote ziko kwa tovuti, isome ya Nairobi siku ukiwa umeshiba.

nimechoka_kabisa

Bado sijaona mtu amefungwa lakini.

mzee_wa_rejista

Ndugu yangu uliyechoka, nakuelewa, nami nimechoka kukushinda kwa miaka mingi. Lakini tukumbuke na ile ya ardhi ya makaburi. Lang'ata ilisemwa imejaa, baraza la jiji likanunua shamba kule Mavoko kwa shilingi milioni 283, wakati thamani yake haikufika hata robo ya hizo. Ilichukua karibu miaka kumi, nakubali ni mingi mno, lakini 2018 wakubwa walifungwa, hata karani wa jiji wa zamani na aliyekuwa katibu wa wizara. Na kesi ile ilisimama kwa karatasi. Sisemi kila kesi huishia hivyo. Nasema imewahi kutokea, na niliishi kuiona.

nimechoka_kabisa

Miaka kumi mzee. Yeye kontrakti inaisha Desemba.

mzee_wa_rejista

Hilo sina jibu lake.

bwana_mitaro

Mgeni uko wapi, ama wamekupata 😅

mgeni_leo7

Niko, nilikuwa nimeenda mahali. Nimefanya vile mama wa ploti alisema. Nimempigia binti wa marehemu, siku hizi ameolewa Kitui. Tukaongea mambo ya mtoto, mvua, halafu nikamuuliza kama walimaliza mambo ya pesa ya mama. Wacha niandike vile alisema.

Alisema supavaiza alikuja siku ya pili ya matanga, akaleta mchango mzuri hata wakamtaja kwa maombi. Kabla aende akamwita kando, akamwambia kuna pesa ya mwezi wa mwisho ya mama itaingia, lakini ofisi lazima iidhinishe kwanza, kwa hivyo apewe ile laini na kopi ya kitambulisho afuatilie mwenyewe, asije akahangaika na mlolongo. Akampa. Alikuwa anamlilia mama yake, angejua nini. Hiyo pesa ya mwisho hajaiona mpaka leo. Amempigia supavaiza mara mbili, mara ya pili akaambiwa "bado iko kwa sistimu."

Nilinyamaza. Sikumwambia ya rejista lakini sauti yangu nadhani ilisema, juu aliniuliza "kwani bado inaingia?"

mama_wa_ploti

Ai jamani. Kwa matanga. Na maombi wakamfanyia.

kando_ya_sheria

Hiyo ndio ripoti yenyewe, na sio yako, ni ya binti. Yeye ndiye alipeana laini, yeye ndiye mwenye cheti cha kifo, na anaweza kusema mpaka siku ya matanga ilikuwa gani. Wakati wa kuandikisha kifo si alirudisha kitambulisho halisi cha mama? Basi kuna tarehe rasmi inaonyesha hicho kitambulisho kilitoka kwa mikono ya familia lini. Akiripoti yeye, swali la nani alifungua mdomo lina jibu rahisi, ni binti anadai pesa ya mama yake. Hakuna mtu atageuka kuangalia meza yako. Wakifika kwa rejista watafika wakitokea upande wa simu.

Lakini ni lazima yeye aamue akijua kila kitu, usimtumie kama ngazi. Mwambie ukweli, mwambie na hatari yake. Hata akikataa bado una kisanduku.

mgeni_leo7

Nimemwambia jana usiku, yote. Alilia kwanza, halafu akakasirika, na hasira yake ni ya mama yake kabisa. Anakuja Nairobi wiki ijayo na cheti, anataka kuingia mwenyewe Huduma Centa GPO kwa hilo dawati, amekataa simu, anasema anataka kumwona mtu usoni. Bwana yake amekubali kumsindikiza.

Mimi nimeandika ile ya lori na mafuta kwa kisanduku, nimetumia cyber ya mbali, nimepanda matatu mbili kuifikia. Sijataja rejista bado. Hizo sahihi tatu nimeziacha kwa daftari.

Swali la mwisho mzee. Ijumaa rejista ya mwezi huu inakuja mezani. Jina lake litakuwa hapo. Niliingize ama niliruke?

mzee_wa_rejista

Ukiliruka, supavaiza atajua usiku huo huo na binti hata hajafika Nairobi. Ukiliingiza, umeliingiza ukijua. Swali hilo usilijibu wewe na usiniulize mimi, liandike kwa kisanduku leo, kabla ya Ijumaa, uwaambie umeulizwa kuingiza jina la marehemu na ungependa kuelekezwa. Ndiyo, hapo unawapa ule mstari unaokujulisha, lakini unawapa wao, siyo ofisi. Halafu andika kwa daftari siku na saa uliyouliza, na walichojibu, au kwamba hawakujibu.

kando_ya_sheria

Naunga mzee mkono. Na ukiweza, ongea na wakili wa kweli kabla ya Ijumaa, kuna mashirika hapa Nairobi ya msaada wa sheria wa bure. Sisi hapa ni watu wa kuandika tu.

mgeni_leo7

Sawa. Nimeandika sasa hivi, saa 4:40 usiku. Daftari nimelificha kwa debe ya unga, mke wangu ameniuliza kama nimeanza kuweka akiba.